Kabuti Langu Lina Kitenge Ndani

Leo asubuhi saa kumi na mbili na nusu kipimajoto changu cha barazani kilisoma nyuzi 5. Nilikitundika pale mwaka juzi baada ya kuchoka kubishana na watu wa nyumbani Tanga. Ukiwaambia Njombe kuna baridi wanakujibu kwamba hata kwao kuna baridi, jana wamelala na shuka. Siku hizi sibishani. Nakipiga picha, nawatumia.

Nilipomaliza kupiga picha nikavaa. Singlendi, fulana nyembamba ya sufu ya mikono mirefu, taiti nene, shimizi, gauni la kitenge cha bluu na machungwa linalopita magoti, soksi za sufu, buti za kifundoni, shali ya rangi ya haradali, halafu kabuti. Kufika getini nikamkuta mama mwenye nyumba anafagia. Yeye ni Mkinga wa Makete, baridi ameizoea tangu anabebwa mgongoni. Akaegemeza ufagio, akanitazama kuanzia shali mpaka buti.

"Kamwene, mwanangu. Leo ofisini mna mgeni?"

"Kamwene, mama. Hatuna mgeni."

Akacheka, akaendelea na ufagio wake. Ilikuwa Jumanne tu, siku ya kupiga hesabu za kreti za parachichi na kuandaa malipo ya wakulima.

Naandika haya kwa ajili ya dada zangu wa pwani waliopangiwa kazi huku juu, iwe Njombe, Makete, Mafinga, Mbeya au Lushoto. Kila ikikaribia Juni napigiwa simu na rafiki wa rafiki: dada, huko tunavaaje? Jibu ni refu kuliko simu.

Wiki yangu ya kwanza hapa, Juni 2021, mwenzangu mmoja ofisini alinipa jibu fupi. Alisema, "Dada, huku baridi haina pozi." Yaani jifunike chochote ulicho nacho, urembo utaurudia Septemba. Alisema kwa wema, na mimi nikamwamini. Nilikuwa nimeshuka stendi saa tatu usiku nimevaa dera, mtandio wa shifoni na makubazi, na yule mama muuza chai pale stendi alinifunika kitenge chake bila hata kuniuliza natoka wapi. Mtu aliyefika namna hiyo haulizi habari za pozi. Kesho yake nikaenda mitumbani nikanunua jaketi nene kuliko yote niliyoyaona, la kiume, jeusi, limetuna kama godoro. Nikalivaa juu ya dera.

Na baridi ikaendelea kunipiga vilevile. Hilo ndilo lililonishangaza. Upepo ulikuwa unaingia kwa chini, unapanda miguuni, unakaa kiunoni. Mikononi lilikuwa kubwa, kwa hiyo kila nikinyoosha mkono hewa baridi inaingia mpaka kwapani. Nikaongeza sweta, nikaongeza kitenge cha kujifunga, nikaongeza blanketi dogo la begani. Kwa miezi miwili sikuvaa gauni langu hata moja. Nilikuwa napita mbele ya kioo cha ofisini bila kugeuka. Mtu akiniita kwa nyuma ananiita "kaka". Kwa wengine hilo ni dogo. Mimi nimelelewa na mama anayepiga pasi hata kanga ya kulalia, na kuvaa vizuri kwetu ni namna ya kumwambia mtu kwamba nimekuona na nimekuheshimu. Nilijiona nimepungua.

Ndiyo maana naamini, na nasema kwa moyo wangu wote, kwamba yule mwenzangu alikosea. Joto kazi yake ni ndani, karibu na ngozi, na linapatikana kwa vitu vyembamba. Ukishalimaliza huko ndani, nje panabaki pako, uvae unavyotaka.

Kwanza uijue baridi yenyewe. Sisi wa pwani tunaujua upepo wa kusi kwa majahazi na kwa bei ya samaki. Huo huo ndio unaotuletea kipupwe huku, kuanzia Juni mpaka Agosti. Kusini kabisa mwa dunia wakati huo ni majira ya baridi, na kusi linakuja na fungu letu. Tanga tunaliita upepo mzuri. Likishapanda mpaka Njombe, karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, halina uzuri tena. Ukienda juu zaidi, uwanda wa Kitulo ambao uko kwenye mita 2,600 hivi, asubuhi za Julai unakuta sakitu, barafu nyembamba ya alfajiri, imelala juu ya majani, nyeupe, ukiikanyaga inavunjika chini ya kiatu. Watu wanapasifu kwa maua, wanapaita Bustani ya Mungu, lakini maua ni ya msimu wa mvua. Julai nenda na kofia.

Lakini baridi ya Njombe ina tabia yake. Saa kumi na mbili asubuhi nyuzi 5, saa nane mchana jua likiwaka vizuri zinafika 18 mpaka 20, na saa moja jioni unatafuta koti tena. Mtu aliyevaa jaketi moja zito juu ya fulana hana pa kwenda hapo katikati. Akilivaa anatoka jasho, akilivua anatetemeka. Na jasho ndilo adui. Pamba inalinywa na kulishikilia, kwa hiyo fulana ya pamba iliyolowa mchana inakurudishia baridi yote jioni. Sufu hata ikipata unyevu kidogo bado inatunza joto. Kinachokupa joto hasa ni hewa iliyotulia kati ya nguo na nguo, ndiyo maana nguo tatu nyembamba zinalishinda jaketi moja nene. Ila zisibane. Nguo zikibana hewa haina mahali pa kukaa.

Haya sikuyasoma popote. Nilifundishwa na fundi cherehani, mzee wa Kibena mwenye kibanda karibu na soko, anayetumia cherehani ya miguu kwa sababu, anasema, ya umeme ina haraka. Nilimpelekea lile jaketi alipunguze. Akaligeuza geuza, akanirudishia. "Hili waachie waendesha bodaboda, mwanangu. Nenda kanitafutie koti la sufu, hata likiwa limechanika, uje nalo."

"Nitajuaje kwamba ni sufu, baba?"

Akavuta kopo la vipande chini ya meza. Akachomoa uzi wa kipande kimoja, akauwasha kwa kiberiti. Uzi ukayeyuka, ukajikunja, ukadondosha kitone cheusi ambacho kilipopoa kilikuwa kigumu kama punje ya mchele. "Hii ni plastiki." Uzi wa pili ukawaka haraka, ukanuka karatasi, ukaacha majivu mepesi. "Pamba." Wa tatu uliungua polepole kama hautaki, moto ukazimika wenyewe, na kibanda kizima kikanuka nywele zilizoungua. Akausugua katikati ya kidole gumba na cha shahada, ukawa unga. Akaninyooshea vile vidole nivinuse. "Sufu ni nywele za kondoo. Nywele haziwezi kukudanganya."

Bila shaka huwezi kwenda na kiberiti kwenye meza ya mtu sokoni. Pale unasoma lebo, na lebo za mitumba zina lugha za kila aina. Nilijiandikia kwenye simu: wool, Wolle, laine, lana. Zote ni sufu, ya Kiingereza, ya Kijerumani, ya Kifaransa, na hiyo ya mwisho ya Kiitaliano na Kihispania. Angalia pia ile namba ya asilimia. Koti lenye sufu 70 au 80 na mchanganyiko kidogo halina neno, linadumu hata zaidi. Lenye sufu 10 waliweka jina tu. Lebo ikiwa imekatwa, shika kitambaa kwa kiganja ukikaze, hesabu mpaka kumi. Sufu inaanza kukupa joto mkononi.

Koti langu nililipata mwaka 2022, siku wanayofungua robota. Nilifika mapema, kabla mafundi wa kuchagua hawajapita. Lilikuwa kijani iliyokolea, kijani ya jani la mgomba baada ya mvua, kola pana, vifungo vinne vikubwa vya kahawia, refu mpaka chini ya goti. Wazee wa huku koti la namna hiyo wanaliita kabuti, na ukipita vijijini siku ya mnada utawaona nayo, marefu, yamepauka mabegani, na mzee akilivaa anatembea kwa heshima zote. Mimi nalipenda jina hilo kuliko koti.

Nikaanza na mabega. Hapo fundi alinikazia sana: urefu unapunguzwa, kiuno kinaingizwa, mikono inafupishwa, lakini bega likiwa kubwa waachie wenyewe. Mshono wa bega ukae juu ya mfupa wa bega lako, na ulijaribu ukiwa umevaa sweta, kwa sababu ndivyo utakavyolivaa. Mabega yalikaa. Nikaligeuza ndani nje, nikakuta bitana imechanika kwapa zote mbili na mgongoni inaning'inia. Muuzaji alikuwa ameanzia 40,000. Nilipomwonyesha ile bitana akashuka mpaka 25,000, akidhani ameondokana na mzigo. Bitana iliyochanika ndiyo bahati ya mnunuzi. Kitambaa cha nje kilikuwa kizima kabisa, hakuna nondo aliyekigusa.

Nyumbani nilikuwa na kitenge kilichobaki kwenye sare ya harusi ya mdogo wangu, yadi mbili na kidogo, chekundu cha damu ya mzee chenye maua ya njano. Nikampelekea fundi. Nilitaka ndani yote iwe kitenge. Akanyamaza, akaokota mkono wa koti, akautia mkono wake ulio na sweta.

"Mikononi hapana."

"Kwa nini, baba?"

"Kitenge ni pamba, sweta ni sufu. Vinang'ang'aniana. Kila ukivaa koti, sweta litapanda mpaka kwenye kiwiko, na ukilivua litatoka na sweta lako. Mkono unataka kitu kinachoteleza." Kwa hiyo mikono akaitia satini nyekundu inayofanana na kitenge, na kiwiliwili akakitia kitenge. Kabla ya hapo akanituma nikakifue kitenge kwa maji ya moto na kukianika, maana pamba mpya inarudi, na ikirudi ikiwa tayari imeshonwa ndani, koti zima linakunjamana.

Nilikaa kwenye benchi nikamtazama akikata. Kitenge cha mgongoni alikikata kipana kuliko koti, halafu ile ziada akaikunja ikawa rinda moja katikati, kuanzia shingoni kwenda chini. Akanionyesha kwa mikono yake: ukinyoosha mikono mbele kushika usukani au kubeba mtoto, mgongo wa koti unavutika, na bitana isiyo na marinda ndiyo inayopasuka kwapani. "Aliyeshona hili alibana kitambaa," alisema, akikionyesha kile kipande cha zamani. Kisha kati ya kitenge na sufu, mgongoni kuanzia bega mpaka bega, akatia kipande cha flaneli ya zamani. Hakionekani, wala hakiongezi unene wa kumfanya mtu aulize. Lakini upepo wa saa moja asubuhi unajua kwamba kipo.

Alinitoza 15,000. Jumla 40,000, na nimeshalivaa vipupwe vinne. Nikikaa mahali nikafungua vifungo, kile kitenge chekundu kinachungulia, na sijawahi kukaa kwenye kikao cha wanawake bila mmoja wao kuniomba nilifungue aone ndani.

Chini ya kabuti mambo ni rahisi. Gauni la kitenge linavalika kipupwe chote ukilishonea bitana, na ukitia shimizi ndani lisishikane na taiti. Ukichukua poloneki nyembamba nyeusi ukaivaa ndani ya gauni la mikono mifupi, gauni la Desemba limekuwa la Julai. Mimi nina magauni sita tu ya kazini na nayazungusha mwaka mzima namna hiyo. Sweta nilipeleka rangi zangu kwa fundi wa masweta wa mashine, wale wanaoshona ya sare za shule, akanifumia la vifungo, rangi ya zambarau, linaloishia kiunoni ili lisitokeze chini ya kabuti wala kuua umbo la gauni. Uzi wake si sufu, ni akriliki, na sijali, kwa sababu sufu nimeshaivaa ndani. Hapo ndipo watu wengi wanapoteza hela: wananunua sweta ghali la nje na kuvaa fulana ya pamba ndani. Mimi ningegeuza.

Kuhusu rangi, watu wa baridi wengi tunajificha kwenye nyeusi na kijivu. Asubuhi ya ukungu mji mzima unakuwa umevaa moshi. Mimi mtoto wa pwani siwezi. Kabuti likae rangi iliyotulia kwa kuwa ni moja na utalivaa kila siku, lakini shali ndiyo uso. Ninazo tatu, haradali, nyekundu ya pilipili, na ya maziwa yenye pindo la bluu, na hizo ndizo zinazowafanya watu wadhani nina makoti matatu. Shali kubwa ya sufu ina faida nyingine ambayo skafu haina: ofisini unaiteremsha mabegani, kwenye basi unaitandika magotini, na ukiwa na ushungi unaipitisha juu yake bila kuuvuruga. Wanaovaa ushungi, vaeni ile kofia ya ndani ya kitambaa cha kufuma badala ya ile ya wavu. Masikio yatawashukuru.

Niseme kosa langu moja, lisimpate mwingine. Fulana yangu ya kwanza ya sufu niliifua kama tunavyofua mitumba yote nyumbani, maji yanayochemka ili yaue kila kitu, kisha nikaikamua kwa nguvu. Ilitoka saizi ya mtoto wa darasa la pili, ngumu kama zulia. Niliumia kweli, maana nilikuwa nimeitafuta wiki tatu. Sufu inataka maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo, uibonyeze bila kuisugua, uiviringishe kwenye taulo iachie maji, uilaze kivulini. Ukiitundika kwenye kamba inarefuka mabega. Na haitaki kufuliwa kila siku. Itundike dirishani usiku mmoja, harufu inatoka yenyewe.

Miguu ndiyo iliyonitesa muda mrefu kuliko kitu kingine. Nilikuwa navaa soksi mbili ndani ya buti za saizi yangu, na vidole vinakufa ganzi kabla ya saa nne. Nilikuwa nimevibana, damu haipiti na hewa haina nafasi. Nikanunua buti zilizozidi saizi moja, za ngozi, soli nene ya mpira, nikavaa soksi moja tu ya sufu, na ndani nikatia soli niliyoikata kwenye blanketi kuukuu. Sakafu za saruji za huku zinanyonya joto la mguu kama mchanga unavyonyonya maji, kwa hiyo ile soli ya ndani ina kazi kuliko soksi ya pili. Buti zikilowa zijaze magazeti, ziache mbali na moto. Ngozi iliyokaushwa jikoni inapasuka, na buti zilizopasuka huwezi kuzing'arisha.

Na hapo kwenye moto naomba nisimame kidogo, ingawa si habari ya mavazi. Kuna watu wanaolala na jiko la mkaa chumbani milango ikiwa imefungwa. Mkaa unatoa kaboni monoksaidi, hewa isiyonuka wala kuonekana, inayomuua mtu akiwa usingizini bila kumwamsha. Kila kipupwe tunasikia familia imekutwa. Tafadhali. Lala na soksi, na kofia, na sweta, na chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwenye kanga miguuni. Jiko likae nje.

Siku za kwenda mashambani navaa tofauti, kwa sababu napanda bodaboda. Kabuti refu na gurudumu havielewani. Hapo navaa suruali ya kodrai juu ya taiti, kitenge nimejifunga juu yake kama akina mama wa huku wanavyofanya, sweta, na jaketi fupi la kitambaa kilichobanana, maana sweta hata liwe nene vipi upepo wa pikipiki unapita kwenye matundu yake. Utawaona waendesha bodaboda wamevaa jaketi nyuma mbele, zipu mgongoni, ili kifua kisiwe na mlango. Mimi natia gazeti kati ya sweta na jaketi. Nikifika nalitoa, nalikunja, na mkulima ananiona nimevaa kama mtu. Mkulima aliyekesha akiyafunika maparachichi yake hastahili kupokewa na mhasibu aliyejifunga blanketi, hivyo ndivyo ninavyoona mimi.

Wiki hii nzima jioni nimekuwa kwa fundi tena. Mama anakuja. Ni mara yake ya kwanza kuvuka Morogoro, ana miaka 61, na daima amesema atakuja huku baridi ikiisha. Mwaka huu akasema atakuja Julai, aione. Nikamtumia kifurushi kwa basi: taiti mbili, fulana ya sufu, kofia ya ndani ya ushungi, soksi. Nimempigia mara tatu kumwelekeza. Vivae Iringa, mama, mnaposimama kula. Usingoje Makambako. Vaa ndani ya buibui, hakuna atakayekuona. Anajibu, "Nimesikia, mwanangu, mimi si mtoto," na najua hatavivaa mpaka meno yagongane.

Kabuti lake nimelipata mitumbani Mei, jeusi, pana kiasi cha kupita juu ya buibui, sufu mia kwa mia, bitana imeoza. Safari hii nimepeleka kanga. Ni upande mmoja wa doti yake mwenyewe, aliyonifungia nilipokuwa naondoka Tanga 2021, imeshafuliwa mpaka imekuwa laini kama poda. Fundi aliitandaza mezani akaitazama kwa muda. Yeye si mtu wa kanga, lakini aliona kwamba haikatwi ovyo. Pindo amelizungusha pembeni mwa koti lote, mji, ile sehemu ya katikati ya kanga, umekaa mgongoni. Kisha akaniuliza, chaki mkononi, yale maandishi yakae wapi.

"Jina, baba. Linaitwa jina."

"Haya, jina. Lisomeke na nani? Aliyevaa au anayemvalisha?"

Sikuwa nimelifikiria. Nikasema anayemvalisha. Akalikata, akaligeuza, akalishona ndani chini ya kola, herufi zikimtazama mtu aliyeshika koti tayari kumvika mwenzake. Linasema nini nitamwachia mama alisome kwanza.

Basi linaingia Jumamosi usiku. Kabuti limetundikwa mlangoni, limebakiza vifungo viwili, na hivyo nimemwomba fundi aniachie nivishone mwenyewe.